Umetoka Kijiji Gani?

Wanangu, ukifika zahanati yoyote ya kwetu, kabla hujaulizwa unaumwa wapi utaulizwa mambo mengine. Jina lako nani? Una miaka mingapi? Umetoka kijiji gani? Mhudumu anaandika majibu kwenye daftari kubwa, lile ambalo Tanzania tunaliita kitabu cha MTUHA, ndipo unaruhusiwa kusema kwamba tumbo linakusokota tangu jana. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa huona maswali hayo ni kucheleweshwa tu. Kijiji kinaingiaje hapa? Homa ya Newala na homa ya Musoma si homa ile ile?

Nitawasimulia habari za ugonjwa mmoja ambao uliua watoto kwa miaka mingi bila kujulikana ni nini, mpaka madaktari wa hospitali ndogondogo za bara walipofunua madaftari yao na kusoma jibu la swali hilo. Humu hamna sungura wala fisi. Mambo haya yalitokea Uganda, yakapita Tanganyika, Malawi na Msumbiji, yakafika hadi London, na wengi wa watu wake wanajulikana kwa majina.

Tuanze na hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957. Siku moja daktari aitwaye Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, aje amwangalie mtoto wa kiume aliyekuwa na umri wa miaka kama mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba. Taya la juu limevimba kushoto na kulia, na la chini vile vile, kushoto na kulia. Meno yamelegea, yanacheza tu kwenye ufizi.

Burkitt alishangaa. Uvimbe wa kawaida huota mahali pamoja: begani, shingoni, mguuni. Huu ulikuwa umejitokeza pembe nne za mdomo kwa wakati mmoja. Ungekuwa usaha, angepasua na kuukamua. Lakini haukuwa usaha, na kwa kisu hakuwa na la kufanya.

Wiki chache baadaye alikwenda kutembelea hospitali ya Jinja. Alipokuwa wodini, alitupa jicho dirishani, akamwona mama ameketi kwenye majani na mtoto wake. Uso wa mtoto umevimba. Burkitt akatoka nje kwenda kumtazama: pembe zile zile nne. Aliyeona jambo la ajabu mara moja anaweza kulisahau, lakini Burkitt sasa alikuwa ameliona mara mbili, katika miji miwili, ndani ya muda mfupi.

Nimesema alitupa jicho, na ni jicho kweli, kwa sababu alikuwa nalo moja tu. Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, na alipokuwa na miaka kumi na mmoja jiwe lililorushwa na mtoto mwenzake lilimpofua jicho moja. Alipokuwa daktari akaomba kazi ya serikali ya kikoloni huko Afrika Magharibi, walimkataa kwa sababu ya jicho hilo. Akaja Afrika Mashariki kupitia jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1946 akapangiwa Lira, kaskazini ya Uganda, kuwa daktari wa wilaya.

Hapo Lira kuna kisa kidogo, nanyi mnaruhusiwa kucheka. Kati ya kazi zilizomjia sana daktari huyu ni kupasua mabusha. Wagonjwa walikuwa wengi, naye akaanza kuona kwamba wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya, wa magharibi wakiwa wachache mno. Daktari mwingine angepasua, akashona, akaita anayefuata. Yeye aliwauliza wanatoka wapi, akayaweka majibu kwenye ramani, kisha akaandika makala katika jarida la kitabibu. Tabia hiyo ya kuuliza mahali ndiyo baadaye iliyomsaidia kwenye ugonjwa wa taya.

Aliporudi kutoka Jinja aliingia kwenye kumbukumbu za Mulago. Hospitali ile ilikuwa na bahati moja kubwa: wataalamu wake wa kupima nyama za uvimbe walikuwa wakitunza rejista ya saratani zote zilizopita mikononi mwao. Burkitt alisoma faili moja baada ya jingine, na akakuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe tumboni pia, kwenye figo, kwenye ini, au kwenye ovari kwa wasichana. Hapo kabla, mtoto mwenye taya alikwenda kwa daktari huyu, mwenye tumbo kwa yule, na kila uvimbe ukaandikwa jina lake. Ulikuwa ugonjwa mmoja. Mtaalamu wa maabara kutoka Marekani, Gregory O'Conor, alipopima nyama zile kwa hadubini alikuta ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili, na kwamba karibu nusu ya saratani za watoto zilizoonekana Kampala zilikuwa hiyo hiyo.

Je, ulikuwa ugonjwa mpya? Hapana. Kuna hospitali nyingine pale Kampala iitwayo Mengo, ya misheni, iliyoanzishwa mwaka 1897 na daktari Albert Cook. Cook alikuwa mwandishi mzuri wa kumbukumbu. Watu waliporudi kuyapekua madaftari yake walikuta watoto wenye taya zilizovimba tangu miaka ile ya mwanzo kabisa. Jibu lilikaa rafuni miaka sitini. Kwa hiyo kuandika peke yake hakutoshi. Lazima atokee mtu wa kufungua daftari na kusoma mistari ikiwa pamoja.

Sasa Burkitt akataka kujua jambo moja: ugonjwa huu uko wapi, na hauko wapi? Alitengeneza kipeperushi chenye picha za watoto wenye ugonjwa, akakituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, zaidi ya nakala elfu moja. Fedha ya utafiti aliyopewa kuanzia ilikuwa paundi 25. Nalitaja hilo makusudi, maana siku hizi tunazoea kusikia kwamba sayansi haiwezi kuanza bila jengo la ghorofa na mashine za mabilioni. Yeye alianza na karatasi, stempu na ramani ya ukutani.

Majibu yakaanza kurudi. Mengi yaliandikwa na daktari aliye peke yake katika hospitali ya vitanda vichache, ambaye asubuhi huzalisha, mchana hupasua, usiku huamshwa kwa aliyeumwa na nyoka. Kila aliyejibu kwamba amewaona watoto wa namna ile, Burkitt alichoma pini kwenye ramani mahali pa hospitali yake. Aliyejibu kwamba hajawahi kuwaona, jibu lake nalo lilihesabiwa. Hili lishikeni, maana watu wengi hulipuuza: daktari anayesema kwa uaminifu kuwa ugonjwa fulani kwake haupo anatoa habari nzito sawa na yule anayesema upo.

Pini zilipokuwa nyingi zikafanya umbo. Ukanda mpana ulilizunguka eneo la Ikweta, kutoka magharibi ya bara hadi mashariki, na mkia wake ukateremka kusini kufuata upande wa Msumbiji. Lakini ndani ya ukanda huo mlikuwa na mapengo. Kwa nini hapa watoto wanaugua na pale, mwendo wa siku moja tu, hawaugui?

Barua haziwezi kujibu kila swali, hivyo mwezi Oktoba 1961 Burkitt alifunga safari. Alinunua gari la Ford lililokwisha tumika, kwa paundi 250, akaondoka Kampala na wenzake wawili. Mmoja alikuwa Cliff Nelson, daktari kutoka Kanada. Wa pili ni Ted Williams, daktari wa misheni wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, katika wilaya ya West Nile ya Uganda, ambaye pamoja na udaktari alikuwa fundi wa magari hodari. Kwa barabara za wakati ule, sijui ni kazi ipi kati ya hizo mbili iliyowafaa zaidi.

Walikwenda kwa wiki kumi, zaidi ya maili 10,000. Walipita Tanganyika, ambayo mwezi Desemba wa mwaka huo huo ilipata uhuru wake. Wakaenda Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, wakaingia Rhodesia na Msumbiji, wakafika hadi Afrika Kusini. Waliingia hospitali karibu sitini. Desturi ilikuwa moja: kusalimiana, kutoa picha, kuwauliza madaktari na wauguzi kama wamewahi kuona watoto wa namna hii, kisha kuangalia wodini na kwenye madaftari. Jioni wanaandika, asubuhi wanaendelea.

Kitu cha kwanza kilichoonekana ni mwinuko. Karibu na Ikweta ugonjwa ulikoma kwenye nchi iliyo juu ya mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana watoto wa milimani waliusikia kwa mbali tu. Burkitt akaona kuna kitu kwenye mwinuko. Lakini waliposhuka kusini, mpaka ukashuka nao! Maeneo ya Malawi na Rhodesia ulikuwa kwenye mita kama 900, na kule Swaziland kwenye mita kama 300 tu. Mlima hauwezi kubadili tabia kila unapovuka mpaka wa nchi. Basi kitu chenyewe ni nini?

Jibu lilitoka kwa mtu asiyekuwa daktari wa wodini. Alexander Haddow alikuwa mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe, ile iliyotambua virusi vya Zika mwaka 1947 katika msitu wenye jina hilo, na kazi yake ya miaka mingi ilikuwa mbu. Alipoiangalia ramani aliona kwamba mpaka ule ulikuwa wa joto. Ugonjwa ulikaa mahali ambapo hata msimu wa baridi joto halishuki chini ya nyuzi kama 15 au 16 za Selsiasi. Ukienda mbali na Ikweta, nchi hupoa hata ikiwa ya chini, na ndiyo maana mstari ulikuwa ukiteremka. Baadaye wakaongeza mvua: mahali pakavu sana ugonjwa ulikuwa nadra, hata kama ni pa joto.

Joto na mvua. Nani anapenda joto na mvua? Mtoto yeyote wa Rufiji au wa kando ya Ziwa Viktoria atajibu kabla sijamaliza kuuliza.

Mbu, ndiyo. Wataalamu wakafikiri kwamba kuna virusi vinavyobebwa na mbu na kusababisha saratani hii, wakaanza kuvitafuta. Walikuwa wamekosea, ila kosa lenyewe lilikuwa karibu sana na ukweli. Virusi vilikuwepo na mbu alikuwepo, lakini mbu hakuvibeba virusi hivyo.

Tuviangalie virusi kwanza. Mwezi Machi 1961, kabla ya ile safari ya gari, Burkitt alikuwa London akitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Kati ya wasikilizaji alikuwa kijana mtafiti, Anthony Epstein, ambaye hata hakumjua msemaji ni nani. Mhadhara ulipokwisha Epstein alikuwa ameshaamua: alitaka vipande vya uvimbe ule vitumwe kwake kutoka Kampala. Vikatumwa kwa ndege, kipande baada ya kipande, kwa zaidi ya miaka miwili, naye akavitazama kwa hadubini ya elektroni asione kitu. Mwezi Desemba 1963 ukungu ulifunika London, ndege iliyobeba kipande kingine ikapelekwa kutua Manchester. Kilipomfikia jioni, maji kilimowekwa yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Epstein angeweza kuyamwaga. Aliweka tone chini ya hadubini ya kawaida akaona kwamba si uozo. Chembe za saratani zilikuwa zimebanduka zenyewe, zinaelea zikiwa hai. Akazikuza maabara, na mapema mwaka 1964, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, mwenyeji wa Trinidad, akaviona virusi ndani yake. Hadi leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Hapo palitokea fumbo jipya, maana ilikuja kujulikana kwamba karibu watu wote duniani huvipata virusi hivi, kwa kawaida kupitia mate, na wengi hawaumwi kitu cha maana. Mimi ninavyo, na yamkini nawe unavyo. Kwa nini basi vimletee saratani mtoto wa Arua na si mtoto wa Manchester?

Hapo ndipo mbu anarudi, na mzigo wake ni malaria. Burkitt na wenzake waliona kwamba visiwani Zanzibar, ambako wakati ule kulikuwa na kampeni kubwa ya kupiga dawa na kupambana na malaria, ugonjwa huu ulikuwa nadra ingawa joto na mvua vipo tele. Mji wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, nao ulikuwa hivyo hivyo. Mtoto anayeumwa malaria tena na tena huulazimisha mwili wake kuzalisha chembe za kinga kwa wingi na kwa haraka. Chembe hizo hizo ndimo virusi vya Epstein-Barr hujificha. Katika kuzaliana huko kwa pupa hutokea siku moja chembe moja ikakosea kunakili urithi wake: kipande cha kromosomu kinakatika na kuungwa mahali pasipo pake, na jeni inayoamuru chembe igawanyike inabaki imewashwa bila kuzimika. Ni baiskeli iliyokatika breki kwenye mteremko. Kati ya saratani zote za binadamu, hii ni miongoni mwa zinazokua kwa kasi kubwa kabisa. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Sasa turudi Kuluva kwa Ted Williams, kwa sababu kwangu mimi yeye ndiye kiini cha habari hii, ingawa ugonjwa unaitwa limfoma ya Burkitt. Hospitali yake ilikuwa ndogo, mbali na Kampala, mbali na kila kitu. Lakini alikuwa na daftari. Kila mtoto mwenye ugonjwa ule aliandikwa: lini ulianza, na nyumbani kwao ni wapi hasa, maana jina la wilaya lisingetosha. Mtakwimu Malcolm Pike alipozichukua kumbukumbu za West Nile za mwaka 1961 hadi 1965, aliona kwamba watoto waliokuwa wakikaa karibu karibu walielekea kuugua katika vipindi vya karibu karibu pia. Habari ya namna hiyo haipatikani kwenye maabara, hata uwe na hadubini kubwa ya namna gani. Anaipata daktari anayewajua watu wake, anayejua kijito hiki kinaishia wapi na ukoo ule unaishi ng'ambo gani.

Na kwa sababu daktari alikuwa amejenga imani na watu, wengine wakaweza kufuata. Kuanzia mwaka 1972 damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile ilichukuliwa na kuhifadhiwa, kisha wakafuatiliwa. Wachache sana walioupata ugonjwa baadaye walikuwa tayari na dalili za virusi hivyo kwa kiwango kikubwa katika damu, kabla uvimbe haujatokea. Fikirini: mzazi akubali mwanawe mzima achomwe sindano kwa ajili ya ugonjwa ambao pengine hautamfika kamwe. Fedha hainunui ridhaa ya namna hiyo.

Tanzania nayo ina ukurasa wake. Kaskazini mwa Mara, hospitali ya misheni ya Shirati ilikuwa imeshika kumbukumbu za ugonjwa huu tangu miaka ya 1960. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa eneo hilo walio chini ya miaka kumi waligawiwa vidonge vya klorokwini ili ionekane kama malaria ikipungua, na saratani itapungua. Saratani ilipungua kweli, na vidonge vilipokoma ikapanda tena. Lakini ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya vidonge, na vimelea vya malaria navyo vikaanza kuizoea dawa. Watafiti hawakuweza kuapa kwamba vidonge ndivyo vilivyofanya kazi, na waliandika hivyo. Nawaheshimu kwa hilo kuliko wangetangaza ushindi.

Na matibabu je? Miaka ile dunia iliamini saratani inatibiwa kwa kisu au kwa mionzi. Kisu hakikuwezekana kwenye pembe nne za taya, na Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Burkitt alijaribu dawa, ambazo zilikuwa bado changa: methotreksati, kisha siklofosfamaidi. Uvimbe uliokuwa umeziba jicho la mtoto ulinywea kwa siku chache. Kwa wengine ulirudi, wakafa. Wengine walipona moja kwa moja kwa dozi chache, jambo ambalo madaktari wa nchi tajiri walilisikia kwa mshangao. Mulago ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza duniani kuonyesha kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa tu.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa pale Mulago, ambacho kilikua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Sebastian Kyalwazi, mmoja wa mabingwa wa kwanza wa upasuaji wenyeji wa Uganda, alikuwa miongoni mwa walioisimamisha, na Mmarekani John Ziegler aliongoza tiba. Mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, Wamarekani waliondoka. Wengi walidhani kituo kitafungwa. Charles Olweny, daktari kijana wa Uganda, akashika usukani na kazi ikaendelea. Wafanyakazi wa kituo walikuwa na desturi ya kuwafuata watoto nyumbani kuona kama wangali wazima, wakiongozwa na maelezo waliyoyaandika siku mtoto alipolazwa: barabara gani, mto gani, kwa nani uulize. Mgonjwa hakuwa namba ya kitanda tu.

Hapa niseme la moyoni. Kisa hiki kikisimuliwa Ulaya huwa ni kisa cha mzungu mmoja mwenye jicho moja na gari bovu, na picha yake inapendeza. Ila nani aliwatafsiria madaktari maneno ya akina mama? Ni wauguzi na wasaidizi wa Kiafrika. Nani aliamua kumbeba mtoto mgongoni akatembea hadi hospitali badala ya kukaa nyumbani? Mama. Majina ya wengi wa hao hayakuandikwa, na hilo ni pengo katika madaftari ambayo nimekuwa nikiyasifu tangu mwanzo.

Burkitt mwenyewe aliondoka Uganda mwaka 1966, lakini hakuacha tabia yake. Aliendelea kuwaandikia madaktari wa hospitali za vijijini, safari hii akiuliza kuhusu kidole tumbo na magonjwa mengine fulani ya utumbo, ambayo Afrika yalikuwa nadra. Yeye na wenzake walifika hadi kupima uzito wa vinyesi vya wanakijiji wa Uganda na kulinganisha na vya Waingereza. Waganda waliwashinda vibaya! Kutokana na kazi hiyo dunia ikaanza kuzungumzia makapi ya vyakula: dona, maharage, matunda, mboga. Burkitt alifariki mwaka 1993.

Ugonjwa aliouchora kwenye ramani haujaisha. Katika nchi tajiri watoto wengi mno wanaoupata hupona. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hao, na dawa si sababu pekee. Watoto wanafika wamechelewa, uvimbe ukiwa umeshaenea. Wengine huanza tiba, uvimbe ukinywea nyumbani wanadhani yamekwisha, nauli inakosekana, dozi zilizobaki hazimaliziwi.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja, hasa ninyi mnaolea wadogo zenu mchana kutwa wazazi wakiwa shambani. Mkiona taya la mtoto linavimba na kuongezeka kwa siku chache, au meno yake yanalegea kabla ya wakati wa kung'oka, au tumbo lake linajaa upande mmoja, au jicho linasukumwa nje, semeni kwa wazazi siku hiyo hiyo. Mtoto apelekwe hospitali, na uvimbe upimwe. Msikubali ang'olewe jino na kurudishwa nyumbani. Na akianzishiwa dawa, azimalize zote, hata kama uso umerudi kuwa mzuri.